Tundu dogo lililomuumbua Babu

Mwenzenu nipo, ila soli za viatu zimekwisha. Tangu mwezi wa saba nimegeuzwa tarishi: leo Mbagala, kesho Kariakoo, keshokutwa Msasani, mwisho wa wiki Mkuranga. Na kisa chenyewe ukikisikia utacheka. Tundu. Ndiyo, tundu! Siyo la sindano wala la choo. Tundu la kuchungulia.

Ilianza alfajiri moja, niko zangu Tandika nimejifunika gubigubi, simu inalia. Kuangalia, Babu. Sasa Babu yangu huwa hapigi simu, anabipu tu. Siku hiyo kapiga mwenyewe, kwa salio lake. Nikajua hapa kuna msiba au kuna kesi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Njoo. Na macho yako uje nayo."

Akakata.

Nikapanda daladala la Rangi Tatu, njia nzima najiuliza: macho yangu yana nini? Nilipofika Charambe nikamkuta mzee kakaa kwenye mkeka, kanzu imekunjwa magotini, hanywi chai, haongei. Bibi akanivuta pembeni jikoni. Bibi yangu huniita "mume wangu mdogo", si unajua tena utani wa wajukuu wa Pwani.

"Mume wangu mdogo," akaninong'oneza, "mwenzio jana kapiga dumu la watu."

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo ili twende pamoja.

Babu kabla ya kustaafu alikuwa bwana nyama, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Rufiji. Ana shamba la mihogo Mkuranga, na ana bunduki yenye leseni, ambayo karatasi zake zinakaa ndani ya sanduku la Bibi pamoja na cheti cha ndoa. Wale mliokulia kwenye vibanda vya video mtaielewa haraka bunduki hiyo: ni ile ya makauboi. Chini ya triga kuna wenzo kama kikuku, unaingiza vidole, unausukuma chini, ganda linaruka juu, unaurudisha, risasi nyingine imeshaingia. Kwa jina ni Winchester modeli 94, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning. Hiyo 94 ni mwaka 1894, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya milioni saba. Ya Babu inakula risasi ya .30-30, ambayo yeye huiita thelathini-thelathini. Aliinunua zamani kwa mzungu mmoja wa mkonge aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao.

Basi bwana, nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya kitongoji kizima. Wenye mashamba wakaenda wilayani, kibali kikatoka, na Babu akaombwa asaidie. Magharibi, dume likatoka vichakani hatua kama 40 hivi. Babu akalenga, akafyatua. Nguruwe akageuka, akaangalia, akaondoka zake bila hata kukimbia. Risasi ikaenda kutoboa dumu la lita 20 lililokuwa chini ya dungu la jirani.

Mtoto wa jirani alikuwa ametoka kuchota maji kwenye dumu lile dakika chache kabla.

Unaelewa sasa kwa nini chai ilikuwa inapoa.

Babu hakumficha mtu. Usiku uleule alikwenda kumwomba radhi jirani, na asubuhi hiyo nilimsindikiza kituo cha polisi, akaikabidhi bunduki ihifadhiwe mpaka sababu ijulikane. Jumapili yake ikaitwa kikao cha ukoo. Wajomba wote wakasimama upande mmoja: mzee apumzike, bunduki isirudi tena nyumbani. Babu akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno moja.

"Saiti imechoka."

Kwa wasiojua, saiti ndiyo kile kidude cha kulengea. Bunduki ina saiti mbili. Ya mbele ni kijiti kinachosimama kwenye ncha ya mtutu. Ya nyuma, kwenye bunduki nyingi za zamani, ni kibao chenye kipengo kama herufi V. Unaweka kijiti katikati ya kipengo, kijiti unakiweka juu ya mnyama, unafyatua. Rahisi mdomoni. Shida ni kwamba jicho linatakiwa kuona vitu vitatu kwa mpigo: kipengo kilicho karibu, kijiti kilicho mbali kidogo, na nguruwe aliye mbali zaidi. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuviona vyote vitatu vikali kwa wakati mmoja. Jicho la kijana linadanganya tu, linarukaruka haraka kutoka kimoja hadi kingine. Ukivuka miaka 40 lenzi ya jicho inaanza kuwa ngumu, inashindwa kuruka. Ndiyo maana baba yako anasoma gazeti kwa mkono ulionyooka kama anaogopa litamng'ata.

Babu ana zaidi ya 70. Kipengo kwake, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa "kama unyoya wa kuku".

"Sitaki kipengo," akaniambia. "Nataka tundu."

Saiti ya tundu ni hivi. Badala ya kibao chenye kipengo, unaweka nyuma kabisa, karibu na jicho, kiduara chenye tundu katikati. Wala huliangalii tundu. Unachungulia kupitia tundu. Jicho lenyewe, bila kuambiwa, linatafuta katikati pale penye mwanga mwingi, na linakiweka kijiti cha mbele hapo. Kwa hiyo kazi ya vitu vitatu inabaki ya viwili. Na kuna zawadi ya ziada: ukichungulia kwenye tundu dogo, vitu vya karibu na vya mbali vyote vinakuwa vikali zaidi.

Huamini? Chukua kadi ya mwaliko wa harusi ambayo hukuichangia, itoboe kwa pini, isogeze jichoni mahali penye mwanga, kisha soma ukurasa huu kupitia tundu hilo. Kama wewe ni mtu wa miwani, ivue kwanza. Herufi zitakaa sawa. Sisi tunafanya vivyo hivyo bila kujua tunapokunja macho kusoma kibao cha daladala kwa mbali.

Saiti hizi siyo mchezo wa wazee peke yao. Wale wa Olimpiki wanaopiga bunduki ya upepo mita 10 wanatumia tundu, na alama ya kati wanayoilenga ina upana wa nusu milimita. Nusu! Mimi bunduki pekee niliyowahi kushika ni ile ya maputo kwenye maonyesho, na puto lenyewe nililikosa.

Nikauliza: sasa Babu, tundu linauzwa wapi? Nikatumwa Kariakoo. Jamani, jaribu siku moja kuingia Kariakoo ukaulize "naomba tundu". Wa kwanza akanionyesha vikuku, wa pili akanionyesha vipuri vya cherehani, wa tatu akaniuliza kama nimekula. Mwishowe Babu akaniambia tuache ujinga, tufuate njia. Tukaenda polisi kuuliza utaratibu, kwa sababu tangu Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, mambo ya silaha siyo ya kwenda kichwakichwa, na kurekebisha bunduki ni kazi ya fundi mwenye leseni, siyo ya jamaa wa kuchomea mageti. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa silaha, mzee wa makamo, ofisini kwake kuna tupa na bisibisi nyingi kuliko meno yangu.

Fundi akatuwekea mezani elimu ya tundu, nami nikaandika kwenye kikaratasi cha vocha.

Tundu, akasema, lina makao matatu. La kwanza ni mkiani, pale shingo ya kitako inapoanzia. Hilo liko karibu sana na jicho, linaona vizuri kuliko yote, na linalala chini usipolitaka. Lakini linagombea nafasi na kidole gumba, na bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, mtu aliyezoea kubandika uso karibu anaweza kulipata jichoni. La pili ni ubavuni, linafungwa kwa skrubu kwenye kiwiliwili cha bunduki, kichwa chake kikija juu nyuma ya pale risasi inapoingilia. La tatu linakaa mbele, juu ya mtutu, mahali pa kile kipengo. Hilo liko mbali mno na jicho, faida ya tundu inapungua.

"Hii yako ngoja tuone," akasema fundi. Ruhusa ilishatoka na bunduki ilikuwa mbele yetu. Akaigeuza ubavu wa kushoto, akaonyesha skrubu mbili ndogo zisizoshika kitu chochote. Miaka yote hiyo Babu alidhani ni mapambo. Kumbe nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zilitobolewa kabisa kiwandani zikisubiri saiti ya tundu, na zile skrubu ni vizibo tu. Hakuna haja ya kutoboa chuma wala kukata hesi mpya. Ubavuni ndiyo makao yake. Na kwa kuwa bunduki hii hutupa ganda juu, saiti ya ubavuni haizuii ganda kutoka, wakati darubini ukiifunga katikati juu ganda linaigonga.

Faida nyingine ni ya hesabu. Kutoka kipengo cha zamani hadi kijiti cha mbele ilikuwa kama sentimita 40. Kutoka tundu la ubavuni hadi kijiti inakuwa kama 60. Umbali huo ukiongezeka, kosa lilelile dogo la jicho linazaa kosa dogo zaidi kule mbele. Ni kama kupiga mstari kwa rula fupi na rula ndefu.

Na ukubwa wa tundu? Hapo vijana wengi tungeingia mkenge. Ungedhani tundu dogo ndilo kali, kwa hiyo ndilo bora. Fundi akatikisa kichwa. Tundu dogo ni la karatasi na jua la saa sita. Likipungua, mwanga nao unapungua, na nguruwe hatoki saa sita, anatoka magharibi. Kwa porini chukua tundu pana, milimita 3 hadi 5, lenye ukingo mwembamba. Ukichungulia, ukingo wenyewe unapotea kama mzimu, unabaki unaona kijiti na mnyama tu. Mtu mgeni huogopa: mbona pana hivi, si nitakosa? Hukosi. Jicho linatafuta katikati lenyewe, tena liachie, usilisaidie.

Babu alikuwa anafurahi kama mtoto wa Idi. Kila fundi akisema neno, ananigonga goti: umesikia? Umesikia? Saiti imechoka, nilisema mimi! Nikamwona kabisa kichwani mwake anarudi kwenye kikao cha ukoo kuwasuta wajomba.

Ndipo fundi akavuta droo, akatoa kipande cha kadi nyeusi chenye kijitundu cha pini.

"Mzee wangu, kabla sijachukua hela yako. Ziba jicho la kushoto. Soma kalenda ile ukutani kwa jicho la kulengea. Haya, sasa soma kupitia hapa."

Babu akasoma bila kadi. Hakuona kitu. Akaweka kadi. Kimya. Akaisogeza juu, akaisogeza chini. Kimya.

"Ukungu," akasema. "Bado ukungu."

Akabadilisha, akaziba la kulia, akatumia la kushoto na kadi. Akasoma kalenda yote, mpaka tarehe za sikukuu.

Fundi akaiweka kadi mezani taratibu. Akatueleza kwamba kipimo kile hata madaktari wa macho wanacho. Jicho likiona vizuri zaidi kupitia tundu la pini, tatizo ni la kulenga tu, miwani inatosha. Likiwa halioni vizuri hata kupitia tundu, kuna kitu kingine kinachozuia mwanga au ndani ya jicho pana ugonjwa. Hakuna saiti duniani ya kutibu hilo.

"Saiti yako haijachoka, mzee wangu," akasema. "Nenda hospitali kwanza. Tundu litakusubiri."

Tulirudi Mbagala kwenye daladala bila kuzungumza. Nilikuwa nimezoea Babu mwenye maneno, sikujua nifanye nini na huyu aliyenyamaza. Kufika Mtongani ndipo akasema, bila kuniangalia: "Yule mtoto wa jirani. Mimi sikuwa hata nimeliona lile dungu."

Wasomaji wangu, hapo utani ulikwisha.

Nataka mwelewe kwa nini mzee alikuwa anang'ang'ania bunduki. Kule Rufiji bunduki haikuwa fahari. Mwaka 2005 Profesa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya simba waliokula watu nchini kwetu: tangu mwaka 1990 walikuwa wamewaua zaidi ya watu 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Na walichogundua ndicho wazee kama Babu walichokuwa wakikijua. Pale nguruwe pori walipo wengi, watu hulala mashambani kulinda mihogo na mahindi, kwenye madungu na vibanda vya makuti. Simba naye anamfuata nguruwe. Akimkosa nguruwe, anamkuta mlinzi. Ndiyo maana Babu hawezi kumwona nguruwe kama kitoweo au kero ya mihogo tu. Anapowasikia wanachimba, anasikia na kingine nyuma yao. Mkuranga ya leo simba siyo habari ya kila siku, lakini masikio ya mzee yalifundishwa Rufiji.

Usiku ule nikajaribu kumfariji kwa historia. Nikamwambia, Babu, unajua Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alishuka Mombasa mwezi wa nne mwaka 1909 kuja kuwinda? Naye alikuja na Winchester ya wenzo, modeli ya 1895, risasi ya .405, aliyoiamini kuwa ndiyo dawa ya simba. Na alikuwa mtu wa miwani mpaka anatembea na ya akiba, na jicho la kushoto lilikuwa limeharibika kwa ngumi ya mchezo wa masumbwi alipokuwa bado Rais. Babu akafikiri kidogo.

"Yeye lilikuwa la kushoto," akasema. "Langu la kulia ndilo la kazi."

Basi, keshokutwa yake safari ya kuvuka jiji: kutoka Temeke hadi Kinondoni, hospitali ya CCBRT, Msasani. Wakampima kwa mashine hii na ile. Jibu: mtoto wa jicho, jicho la kulia. Tulipomfikishia Bibi habari, akashika kiuno.

"Mtoto? Wa nani tena, uzeeni huku?"

Babu akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, nami nikajua tutapona.

Mtoto wa jicho siyo ngozi inayoota juu ya jicho kama wengi tunavyodhani mitaani, wala hauondolewi kwa dawa ya matone ya kuuziwa stendi. Ni lenzi ya ndani ya jicho inayopoteza ung'avu, kama kioo cha bafuni. Daktari anaitoa, anaweka lenzi ya bandia. Babu aliingia asubuhi, jioni tukarudi naye Charambe na kiziba jicho kama haramia. Akakatazwa kusugua jicho, akakatazwa kuinua mizigo, na habari ya bunduki asiiguse mpaka atakaporuhusiwa. Kiziba kilipotoka, kitu cha kwanza alichosema kumwambia Bibi sikiandiki hapa, gazeti linasomwa na watoto. Ila Bibi alijifunika khanga usoni.

Sasa sikilizeni sehemu tamu. Ile lenzi ya bandia ya Babu imewekwa kwa ajili ya mbali. Anaiona minazi ya ng'ambo, anamwona mdaiwa wake akiwa bado kona ya tatu. Lakini haibadiliki kama lenzi ya kuzaliwa. Vya karibu anahitaji miwani. Maana yake kipengo cha zamani kingebaki unyoya wa kuku maisha yake yote. Sasa ndipo tundu likawa na kazi. Mwanzo lingekuwa kiraka cha kuficha ugonjwa. Sasa lilikuwa jibu la tatizo lililopo.

Binamu yetu aliyeko Marekani akatafuta saiti, vibali vikafuatwa, ikafika. Ni kidude cha uzito wa funguo mbili tatu. Daktari alipomruhusu Babu, tukarudi kwa fundi, naye kadi nyeusi haikukosekana. Jicho la kulia, bila kadi: kalenda yote. Fundi akasema, haya, sasa naweza kuchukua hela yako.

Kufunga kwenyewe hakukuchukua saa nzima, lakini kila hatua ina mtego. Kwanza alihakikisha hakuna risasi ndani, akatazama kwa jicho na kupapasa kwa kidole. Akatoa vile vizibo viwili kwa bisibisi inayoenea mfereji wa skrubu barabara, maana ikipwaya inaung'oa mfereji. Akafuta mafuta kwenye matundu. Akaingiza skrubu mpya, na kabla hajakaza, akachezesha wenzo polepole: skrubu ikizidi urefu hata kidogo inagusa mitambo ndani, na bunduki inakwama. Moja ilizidi, akaipunguza kwa tupa. Akatia tone la gundi ya hesi, ile ya bluu inayokubali kufunguliwa siku nyingine, akakaza. Kisha akakitoa kile kipengo cha zamani kwa kukigonga na kipande cha shaba kutoka kushoto kwenda kulia, akaziba mfereji wake. Hili wengi husahau. Ukikiacha, kinasimama katikati ya njia, unachungulia tundu unakiona kipengo.

Mwisho akapima kimo. Saiti ya ubavuni inakaa juu kuliko kipengo cha zamani, hivyo mara nyingi hata ukiishusha mpaka chini kabisa bunduki inapiga juu. Dawa yake ni kuweka kijiti cha mbele kirefu zaidi. Kanuni ishikeni, siku moja mtamtambia mtu kijiweni: saiti ya nyuma inahamishwa kule unakotaka risasi iende, ya mbele inahamishwa kinyume.

Tukaenda kupiga kwenye uwanja wa shabaha tulioruhusiwa, kwanza mita 25, bunduki imelazwa juu ya gunia la mchanga. Risasi tatu, zote karatasini. Tukasogea mita 50: tatu zimekaa pamoja kama vifaranga, lakini sentimita 10 juu ya alama. Hapo fundi hakubahatisha, akachukua kalamu. Kosa, mara umbali wa saiti hadi saiti, gawanya kwa umbali wa shabaha: sentimita 10 mara 60, gawa kwa 5,000. Jibu sentimita 0.12, yaani milimita 1.2. Kwa kuwa tundu lilikuwa limeshafika chini kabisa, akabadilisha kijiti cha mbele kwa kirefu zaidi kwa kiasi hichohicho. Tatu nyingine. Zikaingia kwenye alama, zote tatu unazifunika kwa kiganja. Mimi niliyefeli hesabu kidato cha pili nikapiga makofi.

Babu hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia karatasi ile kama mtu aliyerudishiwa barua iliyopotea.

Kikao cha pili cha ukoo kikakaa. Wajomba wakaonyeshwa karatasi ya shabaha, na karatasi ya hospitali. Babu hakumsuta mtu. Alisema: "Mlisema kweli, na mimi nilisema uongo bila kujua. Saiti haikuwa imechoka." Mjomba mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, akainamisha kichwa, akaomba maji ya kunywa. Wiki iliyofuata naye alikwenda kupima macho, nasikia kapewa miwani.

Sasa mtaniuliza: na nguruwe je?

Jumamosi iliyopita nilikuwa naye Mkuranga, kibali kipya mfukoni. Magharibi, mbu wanatula, dume likatoka palepale vichakani, hatua 40 zilezile. Babu akainua bunduki, akaweka shavu kwenye kitako, akachungulia. Nikaziba masikio. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Kimya. Nguruwe akachimba, akala, akageuka.

Babu akaishusha bunduki taratibu.

"Umekosa nini Babu?" nikanong'ona. "Huoni?"

"Naona," akasema. "Nyuma yake, pale. Kuna sigara inawaka."

Nilikodoa macho yangu ya kijana, sikuona kitu. Baada ya dakika mbili jirani akashuka kwenye dungu lake, kipisi mkononi, akaanza kuita mbwa. Nguruwe akatimka. Tukarudi nyumbani mikono mitupu, Babu anatembea mbele kwa haraka, anapiga mluzi.

Mihogo mingine imeliwa, basi. Jumamosi ijayo tumekubaliana na jirani awe upande wetu wa shamba kabla jua halijazama.

Nanyi washikaji, kama nyumbani kuna mzee anayesema taa zimefifia, sahani zimechafuka au gazeti siku hizi linachapwa vibaya, usibishane naye. Toboa kadi. Akiona vizuri kupitia tundu, mtafutie miwani. Asipoona, mpandishe daladala mkaonane na daktari, na nauli ya Bibi usisahau, maana atataka kujua huyo mtoto ni wa nani.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.